Kobe Hajachelewa

3 Machi

Binti yangu,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla ya kufungua bahasha. Mimi mzima, isipokuwa hili goti, ambalo nikikaa sana linataka kubembelezwa ndipo likubali kusimama. Wewe je, unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie unakula nini.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu yangu imechoka. Mtu akinipigia namsikia kama yumo ndani ya ndoo. Na kuandika kwa kubonyeza vidude siwezi, vidole vyangu vimezoea mkasi. Basi tuandikiane, kama enzi zile ulipokuwa bweni.

Duka linakwenda. Nimetundika televisheni juu ya kioo kikubwa, na wateja wanaoingia wakidhani watatazama kandanda wanakuta gofu. Mwanzoni walinuna. Sasa wanakuja hata wasio na nywele.

Wewe uliondoka kabla mambo hayajapamba moto, kwa hiyo nikueleze. Upande wetu huu, ambao hata ramani unausahau, umetoa wachezaji wawili wa kulipwa. Wote wamejifunzia kwenye uwanja ule nyuma ya kiwanda cha matofali, na wote nimewanyoa mimi. Wa kwanza tunamwita Radi. Akigonga mpira, kamera inahangaika angani kuutafuta kama mtu aliyeangusha ufunguo. Wa pili ni Kobe, mtoto wa yule mama mpishi wa shule ya msingi. Mwaka jana Kobe alikuwa mtu. Mwaka huu sijui kapatwa na nini. Anasimama mbele ya mpira mpaka unadhani anausomea hukumu, halafu anaugonga kama anaogopa kumwamsha mtoto. Jirani yangu fundi viatu anamtetea, lakini yule hata mvua ikinyesha atabisha kwamba ni jua.

Wiki ijayo mashindano yanafika kwenye mji wako. Nenda ukawatazame kwa niaba yangu, uniandikie. Usiniandikie alama, alama naziona. Nataka kujua wanatembeaje.

Halafu jambo moja. Nimemwandikia mhariri wa gazeti la michezo kumpa ukweli kuhusu Kobe. Akiichapa nitakukatia kipande.

Baba yako, kinyozi


15 Machi

Baba, shikamoo.

Nakula wali, maharage na mboga za majani, na Jumapili nakula kama mtu aliyefungwa akaachiwa. Umeridhika?

Nimekwenda uwanjani. Nilitoka kliniki mapema, mwenzangu akanishikia wagonjwa wawili. Mmoja kateguka bega, mwingine ni bibi anayejifunza kutembea upya na kunitukana kila hatua. Nilifika nikiwa bado nimevaa sare, mlinzi akadhani nimeitwa kwa dharura, akanipitisha mpaka mbele kabisa.

Radi anatembea kama mwenye nyumba. Anawapungia watu, anacheka na kedi wake, yule anayembebea mfuko wa fimbo, na akishagonga hatazami mpira umekwenda wapi, anawatazama watu wanavyoutazama. Alipogonga ule wa kwanza, mama mmoja pembeni yangu alisema "Yesu!" halafu akaomba radhi.

Kuhusu yule mwingine, Baba, naomba usimseme sana. Televisheni inaonyesha mpira unapokwenda. Haionyeshi unapotoka.

Na simu nunua nyingine. Nimekupigia Jumamosi, umepokea, umesema "Nzuri, nzuri, na wewe pia," ukakata. Nilikuwa nimekuuliza kama paa bado linavuja.

Binti yako


28 Machi

Binti yangu,

Wameichapa! Ukurasa wa wasomaji, juu kabisa, na jina la duka letu chini yake. Fundi viatu ameisoma kwa sauti mbele ya watu, kwa uchungu, na mimi nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea kama waziri. Kipande hiki hapa, nakunakilia kisipotee njiani:

"Ndugu Mhariri, sisi watu wa upande anakotoka Kobe tumechoka kungoja. Huyu si mgonjwa wala si mzee, ni mwoga tu. Kama hataki kugonga mpira, arudi nyumbani amsaidie mama yake kuosha masufuria ya shule. Huko hakuna anayemhesabia mikwaju."

Hayo ya masufuria watu wameyapenda sana.

Ila kuna jambo dogo. Mama yake Kobe hupita dukani kila asubuhi akienda shuleni, na siku zote husimama akanisalimia. Wiki hii kapita na kikapu chake, kaangalia mbele kama askari. Nimemsalimia mara mbili. Hakuna kitu. Sijui nimemkosea nini.

Na juzi mwalimu mmoja alikaa, akasema jambo, nikanyoa. Nilipomaliza akajitazama kwenye kioo, akashika kichwa kwa mikono miwili. Eti alisema "punguza pembeni." Mimi nimemnyoa kipara. Watu wa siku hizi wanaongea kama wana maji mdomoni. Nimemwambia kichwa chake kina umbo zuri, alikuwa anatuficha bure.

Baba yako


9 Aprili

Baba, shikamoo.

Leo sitaandika mengi.

Umesema hujui ulichomkosea yule mama. Soma kipande chako tena, polepole, ukijifanya wewe ndiye unayeosha masufuria hayo.

Umemwita mtu mwoga mbele ya nchi nzima, mtu uliyemnyoa akiwa mtoto. Umeandika "si mgonjwa." Umejuaje? Umemuuliza? Siwezi kukueleza kwa nini nimekasirika, na kutoweza kukueleza ndiko kunakonikasirisha zaidi. Nakuomba tu usiandike tena neno lolote juu yake. Hata kwangu.

Binti yako


20 Aprili

Binti yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Siku tatu nimeitembeza kwenye mfuko wa koti. Halafu jana, nikiwa namnyoa mtu kidevu, nikaelewa, nikacheka mpaka yule mtu akanishika mkono kwa kuhofia koo lake.

Mwanangu, kwa nini hukusema tangu mwanzo? Ulikwenda uwanjani kumwangalia Radi, macho yakaangukia kwa mwingine. Mambo hayo hutokea. Marehemu mama yako alikuja dukani kumleta kaka yake, hakuja kwa ajili yangu.

Kama ni Kobe basi ni Kobe. Sina kinyongo, ila nakuonya mapema: kwa mwendo wa yule kijana, wajukuu wangu watakaa tumboni miezi kumi na minne. Na siku ya posa tutaketi sebuleni tukingoja aseme neno, mpaka chai ipoe, tuipashe, ipoe tena.

Gazetini sitaandika tena, kwa heshima ya mkwe.

Mama yake bado hanisalimii. Sasa angalau najua kwa nini, naye atakuwa kasikia habari zenu akaona namkataa mwanawe.

Baba yako anayekupenda


6 Mei

Baba, shikamoo.

Si mchumba! Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha wagonjwa mpaka yule bibi akaniuliza kama nimepona au ndiyo nimeugua.

Sasa naweza kukueleza. Utakuwa umemwona Kobe kwenye taarifa ya habari, alivyokaa mbele ya waandishi akauweka mkono wa kushoto mezani, kifundo kimefungwa. Aliyasema mwenyewe mambo ambayo mimi nilikuwa nimekatazwa kusema. Ni mgonjwa wangu, Baba. Tangu Januari anaingia kliniki kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani. Kano za kifundo ziliumia, na kila akigonga mpira kwa nguvu ni kama mtu anamchoma kwa pasi. Alikuwa anasimama muda mrefu vile kwa sababu alikuwa anajiandaa kwa maumivu. Ameniruhusu nikuandikie yote haya, na hata haya yanayofuata.

Siku gazeti lako lilipotoka alikuja kama kawaida, akalaza mkono mezani, mimi nikaanza kumkunja vidole kimoja kimoja. Kwa mkono mwingine akatoa ukurasa mfukoni.

"Dada, wewe si wa upande wetu? Hebu sikia watu wa kwetu."

Akasoma. Nilijua mwandishi ni nani kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Alipofika kwenye masufuria akakunja ukurasa.

"Huyu mzee alininyoa siku ya kuanza darasa la kwanza," akasema. "Nilikuwa nalia. Akanipa kioo nikishike mwenyewe, akaniambia nimsimamie asikosee."

Niliendelea kukunja vidole, Baba. Ningeacha, ningelia, naye angeuliza.

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Halafu nikamwambia, "Yule kinyozi ni baba yangu." Nilikuwa tayari aniambie anataka kuhudumiwa na mtu mwingine. Alinyamaza kwa kipindi chake kile cha kawaida, unaweza kupika chai ukanywa. Mwishowe akasema, "Nilificha mkono ili watu wasinihurumie. Badala yake wakaniona mwoga. Sikufikiria kwamba mama yangu ndiye atakayepita barabarani na hilo."

Wiki iliyofuata akaita waandishi.

Mkono unapona, vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini msimu unakwisha mwezi ujao, na asipofanya vizuri kwenye mashindano ya mwisho ataondolewa kwenye orodha ya wachezaji wa mwakani, aanze upya na vijana chipukizi.

Sikuandikii haya ili ujisikie vibaya. Au labda kidogo.

Binti yako


18 Mei

Kwako Kobe, kwa mkono wa binti yangu. Nimemwambia asifungue, na nimemlea mwenyewe, hatafungua.

Mwanangu,

Mimi ndiye yule mzee wa gazetini. Sina namna ya kulipamba hili. Nilikuita mwoga na hukuwa mwoga, na nikamtia mama yako humo ndani bila kosa lolote. Naomba radhi. Nimemwandikia na mhariri pia. Sijui kama atachapa, maana kuomba radhi hakuna kichekesho ndani yake.

Kabla ya kukuandikia nilikwenda kwa mama yako. Nilimkuta jikoni shuleni, wanafunzi wameshakula, anasugua sufuria ambalo mimi ningeweza kuoga ndani yake. Nikasimama mlangoni, nikasema yangu. Alikuwa amenipa mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika, nikajua ananijibu, kwa hiyo nikaendelea: "Ahsante, Mungu akubariki, najua ilikuwa vigumu kunisamehe."

Aligeuka. Akanitazama kwa namna ya ajabu. Akasema, sasa uso kwa uso, "Nimekuambia utoke kwenye jiko langu."

Nikasimama pale kama kijiti. Halafu akakausha mikono, akanisogelea, akapita ubavuni mwangu, kumbe anasema kitu karibu na bega langu. Sikugeuka. Akaja mbele tena.

"Wewe husikii," akasema.

Mwanangu, huo ndio ukweli, na mtu wa kwanza kuugundua ni mama yako. Imeanza mwaka juzi. Kwanza redio, nikadhani betri. Halafu simu, nikalaumu simu. Halafu wateja. Unajua kazi yangu, kunyoa ni nusu tu, nusu nyingine ni mazungumzo. Siku hizi namwangalia mtu mdomo kwenye kioo, akicheka nacheka, akitikisa kichwa natikisa. Kandanda nimeiacha kwa sababu wenzangu wanapiga kelele mimi sijui kwa nini. Kwenye gofu hakuna anayesema. Uwanja mzima umenyamaza, hata watangazaji wananong'ona, fundi viatu naye hasikii kitu. Pale tu ndipo ninapokuwa sawa na watu wengine. Nimekutazama wewe kuliko ninavyomtazama Radi, maana wewe ndiye unayekaa kimya muda mrefu zaidi. Nilipaswa kukushukuru, nikakutukana.

Binti yangu hajui. Yuko mbali, ana kazi, akijua atataka kurudi. Nakuomba usimwambie.

Mama yako hatimaye alinipa kiti. Nimemsaidia kusuuza lile sufuria. Amesema sijui kusuuza.

Mzee wako, kinyozi


2 Juni

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma uwanjani, nimeketi juu ya mfuko wa fimbo. Nimesamehe. Nilikuwa nimesamehe zamani kidogo, ila nilitaka kwanza nione utasemaje.

Mimi si mwandishi, nitasema machache. Wakati naficha huu mkono nilidhani ninabeba mwenyewe. Kumbe kedi wangu alikuwa anajua na hawezi kuuliza. Mama alikuwa anahisi, akisikia sauti yangu kwenye simu, akiogopa. Binti yako alikuwa anajua na hawezi kukuambia. Watu watatu walikuwa wamenishikia kitu kizito, na mimi ndiye niliyekuwa najisifu kwamba sisumbui mtu.

Siku nilipoweka mkono mezani mbele ya waandishi, nilidhani watacheka. Mmoja aliuliza kama unauma asubuhi zaidi au jioni. Ndilo swali la kwanza nililoulizwa. Nilimjibu kwa dakika nyingi, nikashindwa kunyamaza. Mimi, Kobe!

Binti yako sitamwambia. Hilo ni lako. Lakini kila nikienda kliniki ananiuliza, "Hivi baba yangu ana tatizo gani na simu?" na mimi natazama dirishani. Kudanganya siwezi vizuri, Mzee. Nisaidie.

Mama anasema ulisuuza vibaya, lakini ulirudi siku ya pili.

Wako, Kobe


11 Juni

Binti yangu,

Hii ni barua fupi kwa sababu nimeichana mara nyingi ilipokuwa ndefu.

Simu yangu ni nzima. Mimi ndiye niliyeharibika. Masikio yamekwisha, la kulia kabisa, la kushoto linasikia kwa mbali. Ulipouliza habari za paa sikusikia hata neno. Paa linavuja, ndiyo.

Sikukuambia kwa sababu ulipoondoka nilikuona unavyogeuka nyuma kwenye kituo cha basi, na nikajiapiza kwamba sitakupa sababu ya kugeuka tena. Kobe anajua. Mama yake anajua. Sasa unajua.

Usiache kazi. Usipande basi. Niandikie kwanza.

Baba yako


22 Juni, Jumamosi jioni

Baba yangu, shikamoo,

Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka yule mwalimu uliyemnyoa kipara, nikacheka mpaka nikalia tena. Sasa nimetulia.

Siachi kazi. Lakini sikiliza, yaani soma: kutosikia si mwisho wa safari. Hapa kliniki chumba cha tatu kutoka kwangu kuna daktari wa masikio. Nimekwenda kumsumbua wakati wa chakula. Anasema kwa watu wengi wa umri wako, kifaa kidogo kinachokaa nyuma ya sikio kinarudisha mengi. Hawezi kuahidi kabla ya kupima. Hospitali ya mkoa kwenu wanapima siku za Jumatatu. Nenda. Ukishapima niletee majibu, likizo yangu ni Agosti na nitakuja, nigeuke nyuma au nisigeuke. Na ile habari ya kunilinda na mambo yako, tutaizungumza uso kwa uso, nikiwa nimekaa mbele yako uone mdomo wangu vizuri.

Barua hii itakufikia mambo yote yameshajulikana, ila nitakueleza ninavyoyaona usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Nimeruhusiwa kuwa uwanjani kumfunga Kobe mkono kabla hajaanza. Alhamisi na Ijumaa amecheza vizuri, akapita mchujo. Radi wako, Baba, hakupita. Mipira miwili imezama majini. Nilidhani ataondoka na ndege ya kwanza. Leo mchana kedi wa Kobe ameshikwa na homa kali, hawezi hata kusimama. Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, Kobe anauliza kama mimi ninaweza kubeba mfuko, na mimi najibu kwamba naweza kuubeba lakini sijui fimbo ipi ni ipi, nitampa hata mwavuli. Mlango ukafunguliwa, akaingia Radi na begi lake la safari.

"Nasikia unatafuta mpagazi," akasema.

Kobe akamtazama.

"Wewe unaongea sana," akasema.

"Nitanyamaza."

"Hutaweza."

"Nitajaribu mpaka shimo la tatu."

Kesho wataingia pamoja. Kwenye orodha Kobe yuko chini kidogo ya mstari wa wanaobaki mwakani. Mkono hauna maumivu. Mengine siyajui.

Binti yako


30 Juni

Binti yangu,

Barua yako imenifika Alhamisi. Jumapili ile ilikwisha pita, lakini najua hujui ilivyokuwa huku, kwa hiyo kaa.

Nilifungua duka mapema, nikaweka viti vyote, na benchi la fundi viatu, na ndoo mbili zilizopinduliwa. Watu walijaa mpaka nje, wanatazama kupitia dirisha. Yule mwalimu alikuja, nywele zimeshaota tena. Nilikuwa nimekwenda mwenyewe shuleni kumwalika mama yake Kobe. Alikuwa amesema hawezi kutazama, moyo wake hauruhusu. Lakini wachezaji walipoanza niliona watu wanapisha mlangoni, akaingia amevaa gauni la kanisani, akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, kwa sababu ndicho pekee kilichobaki. Nikasimama nyuma yake kama ninataka kumsuka.

Kamera ilipomwonyesha Radi wangu na mfuko wa Kobe begani, duka lote liliinuka. Fundi viatu alinigeukia akasema kitu, sikukipata. Nikamwambia mbele ya wote, "Sema tena, na unitazame, mimi masikio yangu mabovu." Ndiyo mara ya kwanza kulisema hadharani. Unajua alijibu nini? Akasema, "Tunajua. Tulikuwa tunangoja utuambie." Halafu akarudia, taratibu, akinitazama: "Nimesema, leo hata Radi ni wa Kobe."

Kobe alicheza, mwanangu. Sitakusimulia kila shimo, ulikuwepo. Lakini alikuwa anagonga mpira kama mtu aliyeamua kumwamsha mtoto. Katikati alipoteza mkwaju mmoja kwenye mchanga, na baadaye mwingine, na jina lake likawa linapanda na kushuka kwenye ule mstari. Radi alikuwa ananyamaza kweli. Nilimwona ameuma taulo.

Shimo la mwisho. Maandishi chini ya picha yakasema akiutia huu anabaki. Si mpira wa mbali, lakini si wa karibu, na nyasi zinainamia kushoto. Akachuchumaa. Akainuka. Akazunguka upande wa pili. Akachuchumaa tena. Huku dukani hakuna aliyepumua, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba wote humo ndani wanasikia ninachosikia mimi.

Mama yake akajifunika uso kwa viganja. Kwenye kioo niliona midomo yake inacheza chini ya mikono, lakini sikuweza kuisoma. Baadaye aliniambia alikuwa ananiuliza, "Ameshagonga? Ameshagonga? Niambie!" na mimi nimesimama nyuma yake kama nguzo.

Kobe akagonga. Mpira ukaanza kwenda kulia, nikasema moyoni amekosea, halafu ukakumbuka njia, ukapinda, ukaingia.

Watu waliruka. Ndoo zikapinduka. Niliona vinywa vyote vimefunguka, fundi viatu amemkumbatia mwalimu, mtu nje anagonga dirisha kwa viganja viwili. Na yule mama bado kajifunika uso, hajui kelele hizo ni za furaha au za msiba. Nikainama, nikamshika mikono, nikaiondoa usoni taratibu. Nikamwambia, "Tazama mwenyewe. Mwanao anabebwa."

Kweli Radi alikuwa amemnyanyua juu, na mfuko umeanguka, fimbo zimetawanyika kwenye nyasi. Nikakuona na wewe, pembeni, kwa nukta moja. Umevaa sare. Ulikuwa unampigia kelele Radi, nimekusoma mdomo vizuri kabisa: "Mkono! Angalia mkono!"

Kobe alimpigia mama yake jioni ile. Yeye na Radi wanakuja mwezi wa nane, kucheza na watoto kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda. Njoo nao.

Na kesho Jumatatu nakwenda hospitali ya mkoa. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini mama yake Kobe ameomba ruhusa kazini anisindikize. Anasema pale wanaita watu kwa majina kutoka ndani, na hataki nikae kwenye benchi mpaka jioni nikidhani zamu yangu haijafika.

Baba yako